Bilioni Kumi Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeugua. Wiki hii, kati ya wiki zote! Jana baada ya ibada ukoo ulikaa hapa kwangu Nyaishozi ukanichagua mimi, Ambrose, kuwa msemaji. Jumamosi tunakwenda Rugu, kwa kina Adventina, kupanga tarehe ya harusi yake na Yustus, mtoto wa marehemu kaka yangu. Elpidius, mtoto wa baba mdogo, aliutaka usemaji huo mpaka akanyoa ndevu. Kapewa unaibu. Nikapita senta kujipongeza kwa mishikaki, peke yangu, maana furaha ya namna ile haigawanyiki.

Tangu alfajiri niko chooni. Restuta, mke wangu, anasema ni mishikaki. Mimi nasema ni Elpidius. Alinipa mkono wa pongezi akaushikilia muda mrefu mno.

Zahanati. Nesi Speciose kanipa pakiti za ORS, ile chumvi ya kuharisha. Kasema ninywe maji ya kutosha, nile ndizi laini, nipumzike, siku tatu nne tumbo litatulia lenyewe. Nikamuuliza kama dawa ndiyo hiyo tu. Akasema ndiyo hiyo tu. Nimetembea kilomita mbili, nikisimama kwenye kila kichaka, kwenda kuambiwa nisubiri.

Mtu asijue. Msemaji mgonjwa huvuliwa usemaji, na naibu yuko tayari, keshanyoa.

Jumanne, 10 Juni

Safari sita. Restuta anazihesabu kwa sauti. Sikumwomba.

Bodaboda hadi Kayanga, nimekaa kiupandeupande. Luqman wa duka la dawa kanieleza vizuri. Tumboni mna bakteria wabaya na bakteria wazuri. Ukiendesha hivi wanatoka wote, wema kwa wabaya, kwa hiyo wengine huwarudisha wale wazuri kwa vidonge. Anacho kopo. Kila kidonge, bilioni kumi! Nikamuuliza nani aliwahesabu. Akanionyesha maandishi. Dunia nzima haina watu wengi hivyo.

Kasema kimoja kwa siku, tena si lazima, wengi hupona bila hivyo. Mtu mwaminifu, lakini biashara haijui. Nimemeza vitatu palepale dukani. Bilioni thelathini. Elpidius ana ng'ombe wanne.

Jumatano, 11 Juni

Safari mbili tu! Jeshi langu limefanya kazi. Restuta akasema leo ni siku ya tatu, kama nesi alivyosema. Nimemwacha, mambo ya vita hayajui.

Yustus kaja kunisalimu. Shikamoo baba mdogo, marahaba. Kakonda kwa mawazo. Amesikia wakwe wanataka harusi Desemba ya mwakani. Yeye anaomba Desemba hii: kahawa itakuwa imeuzwa, nyumba imeezekwa, Adventina ameingia kwake kama mtu. Akinishika mikono akasema anaogopa, mwaka na nusu ni mrefu, binti ni mzuri na watu wana macho. Furaha yake yote, alisema, iko mdomoni mwangu. Nikamwambia alale usingizi. Tumbo likanguruma, nikakohoa kulifunika.

Alhamisi, 12 Juni

Safari moja. Ya kawaida kabisa, ya heshima. Mtu mwingine angeachia hapo. Mimi si mtu mwingine.

Nimemsikia mtu kwenye simu akisema aina moja ya bakteria haitoshi, wako wengine kwenye mtindi na kila kilichochachuka. Tatizo: mtindi mzuri uko kwa Elpidius. Siwezi kumwomba, atauliza wa nini. Nikamtuma Restuta aseme tumepata mgeni kutoka Kyerwa. Elpidius kajaza kibuyu kizima na salamu juu. Ukarimu wa ghafla! Nikampa paka kwanza. Akanywa, akajilamba, akataka tena. Nikamchunga nusu saa, hakufa. Nikanywa kibuyu chote, nikateremshia kwa togwa ambayo Restuta aliwawekea wavuna kahawa.

Jioni Elpidius kaja kumwamkia mgeni. Nikamwambia mgeni amelala. Akasema hana haraka. Kakaa saa nzima.

Ijumaa, 13 Juni

Safari tano. Wanapigana humo ndani. Nadhani wa Luqman ni wa mjini, hawaelewani na wa Elpidius. Nimemeza vitano vya Luqman kuwaongezea nguvu. Restuta kasema nimwachie Elpidius usemaji, nikanyamaza siku nzima kumwonyesha nimekasirika. Sidhani ameona. Nilikuwa chooni.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka mkavu. Sikula kitu. Koti, tai, Rugu.

Choo chao kiko nyuma ya migomba, nilikitazama kabla sijamsalimia mtu. Tukaketi sebuleni, wao kule sisi huku. Msemaji wao ni Mzee Kashaija, baba mkubwa wa Adventina, mtu asiyecheka. Kabla ya neno lolote wakaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Msemaji ndiye huanza. Ukikataa kahawa ya wakwe umewakataa wao, hata mtoto analijua hilo. Nikatafuna. Ikashuka ikawakuta bilioni themanini, mtindi na togwa.

Kashaija akataja Desemba ya mwakani. Hapohapo! Nikasimama, sikusema neno, nikatoka. Mpaka mlangoni nilitembea kwa heshima.

Niliporudi walikuwa wanateta wao kwa wao. Kashaija akasema wametafakari, basi iwe Desemba hii. Yustus karibu alie kwa furaha. Nilifungua mdomo kushukuru. Nikatoka tena.

Narudi, wamefika Septemba. Elpidius akaninong'oneza niketi, tumeshapata tulichotaka na zaidi. Nilitamani sana kuketi.

Mara ya tatu alinifuata hadi mlango wa choo, akinisihi nisiwatese watu wazima namna hii. Niliporudi Kashaija amesimama, kofia mkononi. Akasema tangu azaliwe hajaona msemaji mwenye msimamo kama wangu, na wao hawataki ugomvi. Harusi ni tarehe tano Julai. Wiki tatu!

Watu wakapiga makofi. Yustus hakupiga.

Jumapili, 15 Juni

Ukoo umekaa tena. Ndizi za rubisi, pombe ya harusi, bado changa, kahawa iko juani, nyumba ya Yustus haina hata bati moja. Yustus akasema, bila kunitazama, kwamba yeye aliomba Desemba tu, na sasa atamleta mtoto wa watu chini ya mawingu. Iliniuma sana. Nikaona nieleze ukweli wote: kopo, kibuyu, kahawa. Elpidius alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema maharusi watakaa kwake mpaka paa lipatikane. Kujipendekeza.

Wakamwita Nesi Speciose, aliyekuwa anapita kutoka kwaya. Akasema Alhamisi nilikuwa nimeshapona, ya baada ya hapo nimejitafutia mwenyewe. Na ugonjwa wa kwanza haukuletwa na Elpidius. Aliniona senta nikila mishikaki bila kunawa.

Wamenivua usemaji. Elpidius ndiye mwenyekiti wa harusi. Mimi nimepewa maji ya kunawa: nisimame getini na ndoo na sabuni, wageni mia tatu wapite kwangu. Wanadhani wamenishusha.

Nimerudi nyumbani nikalifikiria jambo hili kwa utulivu. Sabuni inaua bakteria. Wote! Haichagui. Watu mia tatu watakuja na bakteria wao wazuri mikononi, halafu mimi niwamalize pale getini? Moyo huo sina. Sabuni sinunui. Maji matupu yatatosha, na kila ndoo nitaifungulia vidonge viwili vya Luqman.