Mgeni Katika Kompyuta ya Mama Shamimu

Maduhu alijiita fundi wa kompyuta, na pale Ushirombo hakuna aliyembishia. Kompyuta ikikwama aliitwa, akaizima, akaiwasha, akalipwa. Kazi halali kabisa.

Asubuhi moja akaitwa na Mama Shamimu, mjane anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo. Kwenye kompyuta yake ya nyumbani, pale panapoorodheshwa vifaa vilivyoungwa na mtandao wake, kulikuwa na kifaa alichosema hakijui, chenye jina la herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Maduhu alikitambua papo hapo: ni televisheni mpya ya sebuleni. Angesema hivyo, angeambulia chai na nauli. Akakunja uso kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Mama, huyu ni jasusi," akasema taratibu. "Kuna mtu anasoma bei zako kabla hujazitaja."

Akaeleza kwamba jasusi wa aina hiyo hufukuzwa na kadi maalumu, na kadi hiyo huchomelewa kwa dhahabu, Mwanza. Gramu kumi tu, na ndani ya wiki mama angerudishiwa dhahabu yake ikiwa ndani ya kadi.

Mama Shamimu hakukataa. Alisema tu kwamba dhahabu haitoki kwake bila kitu kubaki. Maduhu akachungulia nje, kwenye pikipiki yake nyekundu. Aliipenda, jamani. Aliiosha kabla hajanawa uso, na bila hiyo asingemfikia mteja hata mmoja wa Runzewe. Lakini gramu kumi zingenunua mpya na chenji ikabaki. Akatoa ufunguo, akatia sahihi kwamba dhahabu isiporudi, pikipiki ni ya mama.

Mama akapima uzito wa kipande cha njano, kisha akamsogezea jiwe jeusi na kichupa cha asidi.

"Pima, mwanangu. Kwetu anayepokea ndiye anayepima. Ukishatoka mlangoni hakuna maneno."

Maduhu akacheka. Tapeli anayeomba kuaminiwa hawezi kuanza kwa kumkagua mwenzake. Ingekuwa utovu wa adabu. Akasema yeye hawezi kumpima mtu aliye sawa na mama yake mzazi, akatia kipande mfukoni, akaondoka kwa basi.

Mwanza hakufika. Aliteremka Katoro, kwa mnunuzi aitwaye Athanas, ambaye alisugua kipande kwenye jiwe, akadondosha asidi, na pale pale likafoka povu la kijani. Athanas akamwuliza kwa upole kama aliyemwuzia bado yuko karibu, maana ile ilikuwa shaba, tena shaba ya bomba.

Njia nzima ya kurudi Maduhu aliiwaza pikipiki yake. Hata hivyo alifika na tabasamu. Alisema mashine ya Mwanza imeharibika, kwa hiyo anarudisha dhahabu kama ilivyo, apewe ufunguo wake, yaishe.

Mama Shamimu akapokea kipande. Akakisugua kwenye jiwe, akadondosha asidi. Povu.

"Nilikupa dhahabu, fundi. Umeniletea shaba."

"Ilikuwa shaba tangu mwanzo, mama. Hata mnunuzi wa Katoro amesema."

"Si ulikuwa unakwenda Mwanza kuchomelea kadi? Kwa mnunuzi ulifuata nini?"

Maduhu, ambaye hakuwahi kupungukiwa na uongo tangu aote meno, safari hii alinyoosha tu mkono kuomba ufunguo. Mama akamwambia, bila hasira, kwamba siku ile kabla hajamwita alikuwa ameshazima televisheni na jasusi akatoweka, akaiwasha tena na jasusi akarudi. Alitaka tu kuona fundi atasema nini.

Kisha akajitanda mtandio vizuri, akatoka, akapanda pikipiki nyekundu na kuiwasha. Injini ikanguruma. Akainamia gia, akaziangalia kwa muda, halafu akamgeukia Maduhu aliyesimama mlangoni.

"Gia ya kwanza nakanyaga mbele au nyuma?"

"Mbele, mama," akasema Maduhu, na hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilompa bila kutaka kitu.