Cheti cha Chupa

Daktari wa Mawe hakuwa daktari, na kuhusu mawe alijua tu kwamba ni magumu. Lakini watu walipoanza kuokota vijiwe vinavyong'aa kwenye machimbo ya kokoto, kila mmoja na chake mfukoni asijue ni kitu gani, yeye alinusa ulaji kabla ya wenzake. Akakodi chumba juu ya kinyozi, akanunua koti jeupe la mtumba, miwani, lenzi na mhuri, akabandika tangazo mlangoni: UTAMBUZI WA MAWE.

Utambuzi wenyewe ulikuwa hivi. Alilikwaruza jiwe kwa msumari, akalikamulia ndimu, akalitazama kwa lenzi huku akiguna kama anayesoma barua ya msiba. Kisha: "Kipande cha chupa. Pole sana." Akaandika cheti, akapiga mhuri, na mwenye jiwe, kwa aibu, akaliacha mezani. Jioni Daktari alibeba lundo zima kwa sonara, aliyechagua ya maana na kutupa mengine. Kuyatofautisha mwenyewe hakuweza, wala hakuona haja.

Siku moja akaingia mama mmoja, fundi wa mapazia, sindano mbili zimechomekwa begani. Akaweka mezani jiwe la kijani, kubwa kama ngumi.

"Mwanangu, nitazamie hili. Nakandamizia vitambaa nikikata."

Msumari, ndimu, lenzi, guno. "Kipande cha chupa, mama. Pole sana."

"Afadhali!" Mama akashusha pumzi. "Basi niandikie vizuri. Kuna bwana wa suti ananiganda, kaja mara tatu, kila akija anapandisha bei. Nimwonyeshe hiyo karatasi anipumzishe."

Daktari nusura ameze kalamu. Aliandika harakaharaka, akapiga mhuri mara mbili.

"Mama yangu, niachie basi takataka hii. Itakukata vidole bure."

"Nitakandamizia nini?"

"Nitakuletea tofali."

"Lichafue mapazia ya watu?"

"Nitakulipa!"

"Unilipe kwa kipande cha chupa? Wewe, mtaalamu mzima?"

"Ni kwa ajili ya utafiti, mama."

Mama akachungulia dirishani. Chini ilisimama pikipiki nyekundu, kitu pekee ambacho Daktari aliwahi kununua kwa risiti, na aliipenda kuliko ndugu zake wote.

"Mdogo wangu anahangaika na usafiri," alisema. "Lakini hapana. Nitakuwa nimekudhulumu."

"Nidhulumu, mama! Nidhulumu tu!"

Wakaandikishana palepale, jiwe kwa pikipiki, kinyozi akiwa shahidi. Mama akakunja cheti chake, akakitia mkobani, akashuka.

Sonara hakuhangaika hata kuchukua lenzi. "Hiki ni kitako cha chupa, kimeyeyushwa motoni. Ona mapovu haya." Daktari akaapa, akabisha, akamwita mshamba. Maskini, kwenye cheti kile ndipo aliposema kweli juu ya jiwe kwa mara ya kwanza, na ndiyo mara pekee aliyokataa kujiamini.

Kesho yake alimburuta askari hadi kwa fundi wa mapazia. Mlangoni, mdogo wake mama, kijana mchimba kokoto aliyewahi kushuka ngazi za kinyozi mikono mitupu, alikuwa akiipangusa pikipiki.

"Huyu mama tapeli!" Daktari akafoka. "Kaniuzia chupa!"

Mama hakuacha kushona. Alinyoosha mkono mmoja tu, wenye karatasi. Askari akasoma kwa sauti: "'Mimi mtaalamu nathibitisha kwamba jiwe hili la kijani ni kipande cha chupa.' Umeandika wewe?"

Daktari akautazama mhuri wake kwenye karatasi.

"Maana kama cheti hiki ni cha uongo," askari akaendelea taratibu, "basi na kile ulichomwandikia mke wangu wiki iliyopita ni cha uongo. Hapo tutaongea lugha nyingine."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua mapazia wakageuka. Mmoja akaanza kupekua mkoba wake, naye anatafuta karatasi.

Daktari akajikohoza. "Cheti ni cha kweli."

"Kwa hiyo ulijua ni chupa."

"Nilijua."

"Ukatoa pikipiki."

"Nikatoa."

Askari akamgeukia mama. "Tusamehe, mama, tumekupotezea muda." Kisha kwa Daktari: "Na wewe, mwombe radhi."

Daktari wa Mawe akavua miwani. "Samahani, mama."

"Sauti," akasema askari.

Akarudia, kwa sauti, mpaka kijana wa pikipiki akasikia.