Winga wa Mkopo na Jumamosi ya Mizoguchi

Jumatatu, 19 Januari

Mizoguchi anakuja! Kocha msaidizi wa timu ya taifa, yule anayezunguka Ulaya nzima kutazama Wajapani. Amepiga simu mwenyewe. Amesema Jumamosi atakuwa hapa Aldershaw kwenye mechi ya Kombe, na kwamba jina langu, Shunpei Kuwabara, bado linafikiriwa kwa kikosi cha Machi. Nikainama mbele ya simu. Nikamhakikishia kwamba naanza.

Tatizo moja dogo. Sianzi. Tangu Kingsmere ya London waniazime huku kaskazini, nimeota mizizi benchi. Winga ya kushoto ni mali ya Dez Ollerton, mzee wa miaka thelathini na sita mwenye tumbo la mwenye baa, na mji mzima unamwimba. Lazima aondoke. Kwa heshima, lakini aondoke.

Kocha wangu wa shule ya msingi kule Shizuoka alituamuru tuandike kila siku makosa yetu na tulichojifunza. Naandika hadi leo. Makosa: hakuna.

Jumanne, 20 Januari

Mpango wa kwanza: kumnenepesha. Nilimwomba mama mwenye nyumba wangu, Bi Doreen, anioke pai za nyama. Akafurahi mno, akasema hatimaye nimeanza kula kama binadamu. Nikamwekea Dez pai nne kabla ya mazoezi. Akazifuta zote, akalamba na mchuzi. Nikasubiri azimie.

Akafunga mabao matatu! Moja kwa kisigino! Bosi, yaani kocha wetu Bwana Cudworth, akamuuliza siku hizi anakula nini. Dez akanikumbatia mbele ya watu, akasema dogo ndiye anamlisha. Bosi akasema mimi ni mtu wa timu kwelikweli. Nijuavyo mimi, watu wa timu hukaa benchi.

Jioni kwenye televisheni, neema. Mechi ya Kombe ya Kingsmere, iliyoahirishwa kwa barafu raundi iliyopita, imechezwa na wameshinda, kwa hiyo wao ndio wanakuja kucheza nasi Jumamosi. Klabu yangu! Mizoguchi ataniona nikiwaadhibu wale wale waliosema siwezi! Niliruka hadi Bi Doreen akagonga dari kwa ufagio kutoka chini.

Nilichojifunza: pai ni silaha mbovu.

Jumatano, 21 Januari

Mpango wa pili: umbea. Nilimnong'oneza Bosi, kwa masikitiko makubwa, kwamba goti la Dez linaniogopesha. Bosi akasema goti hilo limekuwa likimwogopesha yeye tangu nikiwa shule.

Mchana Dez akanijia. Bi Doreen ameshatangaza saluni kwamba kocha wa Japani anakuja kunitazama. Akauliza ni kweli? Nikakubali. Akanitazama, akanipigapiga shavu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi. Nilibandika sikio mlangoni. Dez alisema, "Mpe dogo nafasi, Bosi. Mimi nimecheza za kunitosha." Bosi akakohoa, akasema sawa, atanianzisha.

Mzee amesalimu amri! Machozi yalinilenga, nakiri. Nikayarudisha. Adui ni adui. Nikampigia Mizoguchi kumthibitishia, akasema ameshakata tiketi ya ndege.

Makosa: hakuna kabisa.

Alhamisi, 22 Januari

Kikosi kimebandikwa ukutani. Winga ya kushoto: Ollerton. Nikacheka kwa sauti, nikamwambia Bosi amebandika karatasi ya wiki iliyopita. Wote wakaangua kicheko, hadi kipa akakaa chini.

Bosi hakucheka. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, wewe umeazimwa. Kingsmere hawakukuleta huku uje uwafunge wao. Imo kwenye mkataba wako."

Mkataba! Nani husoma mkataba? Wakala alinionyesha pa kusaini, nikasaini. Bosi akanipa pole. Ahadi yake kwa Dez iko palepale, alikuwa na maana ya Jumanne ijayo, mechi ya ligi. Jumanne naanza. Nimwambie tu Mizoguchi aje siku hiyo.

Nimwambie! Mtu mzima, tiketi mkononi, eti nimekosea siku? Bora ardhi inimeze. Dez akasema, "Mpigie tu, kwani atakung'ata?" Hawa Waingereza hawana aibu.

Makosa: ya wakala.

Jumamosi, 24 Januari

Nilikaa jukwaani kando ya Mizoguchi, mimi na suti yangu. Akauliza napasha misuli lini. Nikamwambia ninahifadhiwa. Akaitikia kwa heshima, nami nikatoka jasho kwenye baridi ile.

Mpango wa tatu ulinijia palepale. Wakati wa mapumziko, hapa kwetu mashabiki wenye tiketi za bahati huitwa uwanjani, kila mmoja apige shuti moja ligonge mtambaa panya. Tiketi ya Bi Doreen, aliyekaa nyuma yetu, ilikuwa imeshinda. Nikainyakua. Mtangazaji akamwita Bi Doreen Sugden, nikatokea mimi. Uwanja ulilipuka! Nikauinamia uwanja. Nikamwinamia Mizoguchi. Nikakimbilia mpira.

Viatu vya suti, nyasi zilizolowa. Mguu mmoja ulienda kwenye mpira, wa pili ukaenda zake. Nyuma ya paja: pa! Mpira ulifika kwenye kibendera cha kona, ukapumzika. Wa kwanza kunifikia alikuwa Dez, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka vyumbani, akipaza sauti machela iletwe.

Tumeshinda moja bila. Kafunga Dez. Nilisikia shangwe nikiwa kwa daktari na barafu pajani, nayo iliniuma kuliko paja lenyewe.

Jumapili, 25 Januari

Wiki sita, kasema daktari. Jumanne anaanza Dez.

Alikuja kunijulia hali. Akanikuta nasoma ujumbe wa Mizoguchi. Ananiombea afya. Anasema Jumamosi ijayo atakuwa Manchester, karibu na hapa, na ananiomba kwa upole nimweleze ukweli, ni lini hasa nitaweza kucheza. Ataningoja hata hadi Machi, mradi ajue. Dez akasema, "Mwambie wiki sita, dogo. Jamaa muungwana huyo."

Nikaitikia. Nikasubiri mlango ufungwe.

Nimemjibu kwamba Jumamosi ijayo naanza. Sasa natafuta suruali pana ya kufunika bandeji.