Sanduku la Liévin la Kuzuia Wezi

Liévin alikuwa amemega tonge la pili la fufu wakati riziki ilipoingia mgahawani na kuketi benchi la pili. Riziki yenyewe ilikuwa mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha bei na simu mbili, naye alipiga kelele katika mojawapo hata mtaa mzima wa Mbunya ukasikia.

"Ordinateur zote tatu ziko naonyesha maandishi nyekundu!" alilia, akizungumzia kompyuta za ghala lake. "Banasema tutume pesa, ao banafunga kazi yote ya dépôt! Mutu wa kutusaidia atatoka wapi, Bunia hii?"

Liévin akanawa mikono kabla ya kushiba, jambo asilolifanya mara nyingi.

Tumtendee haki kijana huyu. Alikuwa mwongo, lakini mwongo mwenye lengo. Alimpenda Monique kwa miaka minne, na katika hilo hakukuwa na hila hata chembe. Baba wadogo wa Monique walidai ng'ombe saba, wakaahirisha mara mbili, na safari hii walisema wazi: Jumamosi tuone ng'ombe saba au thamani yao, la sivyo binti anaolewa Ariwara na mfanyabiashara aliyekwisha kuleta neno. Thamani ya ng'ombe sita ilikuwa tayari ndani ya simu ya Liévin. Alibaki ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo alikuwa ameketi benchi la pili akiagiza samaki.

"Pole sana, Maman," alisema, akiinama kwa heshima. "Miye Ingénieur Liévin. Kulinda réseau, mtandao ya batu ba biashara, njo kazi yangu. Hiyo virus naijua. Ilikula bureau moja ya hapa mujini mpaka patron akalazwa."

"Yesu!"

"Usiogope. Lakini usizime kintu, usiguse kintu, usiambie mutu."

Shauri la tatu ndilo lililokuwa na maana katika biashara yake.

Kesho yake asubuhi alifika kwenye depo ya yule mama, Maman Brigitte, kati ya mifuko ya saruji na mabati, amekumbatia sanduku jeusi lenye taa mbili, ya kijani na nyekundu. Ndani mlikuwa na betri, nyaya za tochi na nusu tofali. Tofali lilikuwa la uzito, maana ulinzi mwepesi hauuziki. Akalichomeka kwenye kompyuta, taa ya kijani ikaanza kukonyeza, na Maman Brigitte akapiga ishara ya msalaba. Ketsia, sekretari wake, hakupiga kitu. Aliendelea kutafuna karanga.

"Hii njo pare-feu, ukuta ya kuzuia bezi," alieleza Liévin. "Kijani, muko salama. Nyekundu, mwizi amekuya."

"Na inaweza kuchungulia bei ya yule Adrien wa ng'ambo ya barabara?"

"Inaweza, Maman. Kuna supplément kidogo ya kulipa."

Macho ya mama yaling'aa, na moyo wa Liévin ukatulia. Mwenye tamaa hamsumbui mtu kwa maswali, ndivyo alivyoamini.

Lakini kazi halisi haikuwa sanduku. Ilikuwa karatasi. Kila mteja aliandika humo maneno yake yote ya siri na namba ya pesa za simu, eti sanduku liwatambue wenyeji lisiwabwekee. Wiki chache baadaye pesa zilitoweka, na Liévin alikuwa wa kwanza kuwalaani wezi wa ng'ambo. Kama mteja angefumbuka macho, chini kulikuwa na kifungu, article ya nne, ambayo Liévin aliitunga mwenyewe kwa Kifaransa kizito na kuionea fahari kuliko diploma asiyokuwa nayo.

Maman Brigitte aliisukuma karatasi irudi kwake.

"Ingénieur, kwetu Bule, mutu akileta pombe, yeye njo anaonja mbele, wageni banaangalia. Vita ilitufukuza kule, lakini ile desturi tulikuya nayo. Weye umeleta. Onja."

"Kuonja namna gani, Maman?"

"Jaza ya kwako. Ketsia ajaribu kama namba inafungua. Simu yako ikae kwa hii boîte, sanduku yako, saa moja tu. Ikitoka salama, naandika zangu zote. Na dada zangu batatu ba chorale, kila moja na duka yake, banaandika zao."

Maduka manne! Liévin alifikiri haraka. Kukataa dawa yake mwenyewe kungemwaga mtama wote. Na huyu mama aliandika kwa kidole kimoja. Angefanya nini katika saa moja? Akajaza, akasaini. Ketsia akabonyeza namba, akasema, "Inafungua," akagonga mhuri juu ya sahihi.

Nyuma ya depo alitengewa samaki wa Kasenyi na fufu moto. Alikula bila haraka, na kabla ya kufika mkiani alikuwa amempa yule ng'ombe wa saba jina. Kisha akaletewa beseni la maji. Aliijua ile blauzi nyeupe ya duka la dawa kabla hajainua uso.

"Nawa, Ingénieur," alisema Léontine. "Boîte uliniuzia mwezi uliopita ingali inawaka muzuri. Pesa tu njo iliisha."

Liévin alikimbia na mikono ikichuruzika mchuzi. Simu ilikuwa mahali pake, salama kabisa, na ndani yake hamkuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Mumeniiba! Naenda polisi!"

Maman Brigitte akavaa miwani. "Article ya ine. Mwenye kusaini ametoa namba zake kwa kupenda, hatalalamika polisi wala tribunal. Français ya muzuri. Uliandika mwenyewe?"

Liévin alishatikisa kichwa kukubali kabla hajajizuia.

"Na virus? Maandishi nyekundu?"

"Virus gani? Kelele ya mgahawa ilikuwa ya kukuvuta tu," alisema Ketsia. "Nabadilisha mot de passe, maneno ya siri, kila mwezi, message ya mutu sijui sifungui, na kila jioni naweka copie ya kazi yote kwa disque, naifungia kwa kabati. Nusu tofali haihitajiki."

"Pesa ilirudi kwa benyewe," aliongeza Léontine. "Majina yote yalikuwa kwa simu yako."

"Maman, zilikuwa ng'ombe za Monique," alisema Liévin. "Jumamosi banamupeleka Ariwara."

Lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema ndani ya depo ile, na hapakuwa na mtu wa kuliamini. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka. Mwishowe akaomba walau arudishiwe sanduku lake.

"Apana, hiyo inabaki," alisema Maman Brigitte. "Inafanya kazi sana. Toka uliiweka, mwizi moja tu njo aliingia, na iko natoka bila kintu."