Vita vya Kumtoa Mtoto wa Jicho

Kwaru, kwaru, kwaru! Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama mlangoni, muisikie sauti iliyolichana giza la alfajiri. Si panga linalonolewa, wala si jeshi livukalo changarawe. Ni Baba Watoto, jikoni, akijaribu makali ya msasa wake juu ya mfuniko wa sufuria ya mkewe.

Mkewe kitandani akafumba macho. Jana, akitoka masomo ya jioni, nusura aingie mtaroni, maana taa za gari lao zilikuwa na utando wa manjano, zikimulika kama kibatari kinachoomba ruhusa. Na mtihani ulikuwa leo jioni. Mama mkwe alikwisha kata shauri: "Gari lina mtoto wa jicho. Mpaka litibiwe, mtu asitoke."

"Litatibiwa leo!" alinguruma Baba Watoto, Simba wa Ndoo na Kitambaa, akajitosa uani kulipokucha.

"Anza na msasa mkali, baba, umalizie na laini," alisema mkewe.

"Mke wangu, simba hafundishwi kunguruma!"

Basi akaanza na laini, akamalizia na mkali, kwa ushujaa usio na breki. Taa zikawa nyeupe pe, kama zimepakwa uji.

"Zamani lilikuwa linaona kidogo," alisema mama mkwe. "Sasa hongera, mwanangu. Limepofuka."

"Hiyo ni mbinu ya vita, mama. Adui tunamchanganya kwanza."

Jua likageuka. Shujaa aliutazama mkoba wa vitabu wa mkewe pale kizingitini, akanywea. "Nipe ule laini," alinong'ona. Mkewe hakumcheka, angalau si kwa sauti. Alichutama kando yake, akamimina maji, naye mumewe akasugua upya, kisha akapaka dawa ya kung'arishia mpaka kiwiko kikaomba talaka.

Jioni taa zikawashwa. Ukuta wa jirani ukaonekana hadi nyufa zake! Na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo plastiki mbili za taa zilisalimu amri.

"Haya nenda, mwanangu, usichelewe," mama mkwe alimwambia mkaza mwanawe, kana kwamba tangu asubuhi hakusema lingine.

Binti yao mdogo, aliyeshinda kutwa kando ya ndoo ameshika taulo, akainua uso.

"Mtoto wa jicho akitoka, atalala na mimi."