Soksi Nyeupe, Soksi Nyekundu

Jumanne, 3 Desemba

Ovi ametoka sasa hivi kusokomeza soksi yake nyeupe ndani ya glavu ya kriketi ya baba yake. Mwaka na nusu tu, mwanangu, na akili kanizidi! Maana papo hapo nikapata mpango.

Keshokutwa inaanza mechi ya siku tatu. Mzee Sabnis, mteuzi wa timu ya jimbo, anakuja kutafuta mpigaji wa kufungua, yule wa kuanza kupiga. Mmoja tu. Atakayechukuliwa anapewa kazi ya ofisini na nyumba ya vyumba viwili. Sisi tunalala wanne chumba kimoja, mama mkwe akikoroma kama treni ya Dadar.

Baba Ovi akitulia, hakuna wa kumtoa. Tatizo ni Dilip wa mlango wa pili, anayefungua naye. Huyo hupiga kila mpira kama anaua nyoka. Watu wakimshangilia, mume wangu naye mkono unamwasha. Anapiga juu, mpira unadakwa, anatolewa, anarudi nyumbani na sura ya mfiwa.

Basi, glavu zikilowa jasho hubadilishwa wakati wa mapumziko ya maji. Kavu napeleka mimi. Ndani, soksi ya Ovi. Nyeupe: tulia. Nyekundu: piga. Baba Ovi kacheka, kakubali.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemlisha Baba Ovi kijiko cha mtindi na sukari mlangoni, safari iwe njema. Dilip kapata mikimbio 58 kabla ya chakula, kisha kadakwa. Mkewe Nanda kanigeukia: eti wifi, mumeo anacheza au anangoja basi?

Nikapeleka glavu. Soksi nyeupe! Mara tatu!

Jioni Baba Ovi bado yumo uwanjani, mikimbio 71. Mpira umechakaa. Warushaji wanatembea kama wanaovuka tope. Mama mkwe hakuinuka kwenye jiwe lake tangu asubuhi, maana mtu wa nyumbani akihama mahali pake mchezo ukiendelea, mpigaji anatoka. Hata chooni hakwenda. Leo nampenda.

Ijumaa, 6 Desemba

Sijui niandikeje.

Baba Ovi alifika mikimbio 88. Polepole, kama anayechambua mchele. Nikamwona Mzee Sabnis anafunga kalamu, anaitia mfukoni. Kisha miayo! Nanda akasema anayemsinzisha mteuzi hachukuliwi hata kubeba maji. Nikaiona nyumba inaondoka, vyumba vyote viwili.

Mama mkwe akanishika sari: wewe binti, keti! Nikachomoka na glavu kavu. Soksi nyekundu.

Baba Ovi aliitazama ile soksi. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Mpira uliofuata kaupeleka mbinguni. Ukarudi. Ukadakwa.

Jumamosi, 7 Desemba

Mzee alifunga kalamu kwa sababu alikuwa ameshaandika jina la mume wangu! Kamwambia Baba Ovi kwamba wa kupiga ovyo anao tele, yeye alitaka mtu wa kuuchosha mpira, sasa shetani gani kampitia? Baba Ovi hakunitaja. Kasema glavu ilimbana. Nimelia huku nakata matango.

Mama mkwe hanisemeshi. Anamwambia Ovi tu, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mama yako ana makalio ya moto, mwanangu, usimrithi.

Lakini jina halijafutwa. Limewekewa alama ya kuuliza. Mzee anarudi kumtazama tena Jumanne.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeapa mbele ya mungu wetu wa nyumbani: soksi basi! Zote nimemkabidhi mama mkwe, kazifungia sandukuni. Subira nimeijua sasa. Kesho nakaa juu ya jiwe, jicho sipepesi.

Ila Ovi ana kofia ya kijani. Kofia si soksi. Kijani maana yake: tulia, lakini Mzee akianza miayo, piga kidogo. Baba Ovi sijamweleza, ataelewa tu. Inaenea vizuri kwenye glavu ya kushoto, nimejaribu. Na endapo haitoshi, nimebakiza soksi moja nyekundu, nimeificha mahali ambapo

Mama mkwe ananiita, amehesabu soksi, anauliza mbona