Ukurasa Ambao Djo Hakuusoma

Djo Mwila hakuwahi kuugua hata siku moja. Maradhi yake pekee yalikuwa kuona mali ya watu imelala bila kazi. Asubuhi hiyo alikuwa amemsindikiza shangazi yake mwenye jino bovu kwenye zahanati moja ya Kamina, na juu ya benchi akaokota kijitabu kuhusu kanseri ya damu. Alikisoma kwa bidii ambayo walimu wake hawakuwahi kuiona.

Kilieleza kwamba chembe nyeupe, wale askari wa damu, huharibika, zikazaana ovyo na kuzibana zilizo nzima. Aina kubwa ni nne: mbili za haraka, mbili za polepole. Djo akapima. Ya haraka ingemtaka afe upesi, na marehemu hachangiwi mara mbili. Ya polepole ndiyo ya mtu mwenye mipango. Ukurasa wa mwisho, wa matibabu, aliuacha. Kupona hakukuwa sehemu ya biashara.

Kesho yake alikuwa dukani kwa Omari, muuza samaki wakavu, mtu mwenye huruma nyingi mradi pawe na mashahidi.

"Papa Omari, damu yangu iko naharibika pole pole. Banganga ba hospitali banasema dawa iko mpaka Ulaya."

Omari akaitazama baiskeli yake. "Nikikupatia velo yangu uuzishe, batatangaza jina yangu?"

"Mara mbili, papa. Ku kanisa na ku muskiti."

Jumapili, uani mwa parokia, watu walikuja kumchangia Djo, pakawa na magunia mawili ya samaki wa Kinkondja, mbuzi watatu, na baiskeli ya Omari iliyofungwa utepe. Djo alikohoa, ingawa kijitabu hakikutaja kikohozi.

Ndipo akasimama Mama Bibiche, mpimaji wa maabara ya zahanati.

"Ndugu Djo, iko ya aina gani?"

"Ya pole pole, mama. Myeloidi." Alilitamka kama cheo.

"Basi tushukuru Mungu. Kwa ile, siku hizi kuko kidonge. Bantu bengi banameza kila siku, banaishi myaka mingi. Ulaya ya nini?"

Watu wakapiga makofi. Djo naye akapiga, kwa kuchelewa.

"Lakini mutoto wa Sauda iko na ile ya haraka," Bibiche akaendelea.

Wote wakageuka. Yasmina, wa miaka mitano, alikuwa amelala mapajani mwa Sauda, mama yake, amepauka, miguu ina madoa meusi ya kipigo ambacho hakuna aliyempiga.

"Ile haingojee. Lakini batoto bengi banapona, bakifika mapema ku hospitali munene yenye dawa. Djo, weye unajua uchungu wa damu. Utamukatalia hii michango?"

"Na kama yangu balikosea? Kama ni ya haraka?"

"Tutahakikisha. Kuko sindano, inaingia mu mufupa ya kiuno. Twende."

Djo akawatazama mbuzi. Mbuzi wakatazama pengine.

"Mutoto achukue," alisema. Omari akaitangaza baiskeli yake mara ya tatu.

Kesho yake Bibiche alimwita Djo maabara, akafunga mlango, akamtoboa kidole na kuinamia hadubini.

"Askari ba damu yako bote beko sawa. Hata mumoja haiko mwongo. Ni weye tu."

"Utaambia bantu?"

"Mutoto anapaswa kuongezewa damu mbele ya kupanda treni ya kwenda hospitali. Nimepima yako kila namna, inafaa. Lala pale."

Akalala. Mjanja wa Kamina akatoka bila mbuzi, bila baiskeli, na upungufu wa mfuko mmoja wa damu.

Siku ya safari ilimbidi afike kituoni. Mgonjwa hawezi kukosa kumuaga mgonjwa mwenzake. Sauda, asiyejua damu ile ilikuwa ya nani, alimwona amelegea, akampa kikombe chake cha chai yenye sukari nyingi.

"Kunywa, papa. Usikate tamaa. Weye pia utapona."

Djo akainywa chai yote, akamrudishia kikombe.

Treni ikaanza kujivuta. Dirishani Yasmina alipunga mkono, na midomo yake ilikuwa imepata rangi kidogo. Djo aliitambua rangi ile. Ilikuwa yake, na hakuwa na namna ya kuidai.